SHIMO DOGO NALO NI MAHALI PA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu wa gengi la reli katika mkutano wa tawi, Gikomba)



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa wafanyakazi katika migodi midogo, hasa migodi ya makaa ya mawe. Najua wengine wenu mnashangaa. Mnasema: Hapa Gikomba tuna mbao, mitumba, mabati na moshi wa kuchomelea vyuma, mgodi uko wapi? Tena huyu ni mtu wa gengi la reli, anajua nini juu ya mashimo? Maswali hayo ni mazuri, nami nitayajibu kwanza kabla sijaendelea.

Jawabu la kwanza ni kwamba wanaoshuka mashimoni ni watoto wetu. Kijana akikosa kibarua hapa mjini husikia kwamba kuna dhahabu Migori, Siaya au Kakamega, hufunga nguo zake ndani ya mfuko, hupanda basi, na juma lile lile yuko chini ya ardhi. Nyundo na tindo anazochukua huenda zimefuliwa hapa hapa karibu na mto. Jawabu la pili ni kwamba makaa ya mawe yapo katika nchi hii. Serikali ilitoboa visima vya kupima katika bonde la Mui, Kitui, ikayakuta, na mwaka 2011 kampuni kutoka China ilichaguliwa kwa sehemu mbili za bonde hilo. Wenzetu wa Tanzania wametutangulia: mgodi wa Kiwira, kusini karibu na Ziwa Nyasa, ulifunguliwa mwaka 1988, na Ngaka katika wilaya ya Mbinga makaa yamechimbwa tangu mwaka 2011. Yafaa tujifunze kabla shimo halijachimbwa, maana baada ya msiba kila mtu ni mwalimu.

Jawabu la tatu ni la reli yenyewe. Sisi watu wa gengi tuna desturi moja. Kabla ya kuondoa reli, bendera nyekundu huwekwa mbali, upande huu na upande ule, na mtu husimama nayo. Hata mnyapara akiwa na haraka namna gani, kazi haianzi kabla ya bendera kusimama. Hatusemi, “Leo hakuna treni.” Hatusemi, “Ni kazi ya dakika kumi tu.” Njia hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na katika vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa. Waafrika waliokufa hawakuandikwa kwa uangalifu kama huo. Basi kanuni za kazi hazikuanguka kutoka mbinguni. Nyuma ya kila kanuni kuna watu waliokufa. Na kanuni za migodi ni hivyo hivyo.

Neno langu leo ni moja. Sheria haina miguu. Inaandikwa Nairobi, inapigwa muhuri, inawekwa kabatini, lakini haiwezi kushuka shimoni yenyewe. Anayeweza kuishusha ni yule anayeshuka kila asubuhi. Naye hawezi kuishusha kama haijui, au kama akiitaja peke yake anafukuzwa. Hapo ndipo chama kinapohitajiwa.

YANAYOUA SHIMONI

Watu husema mgodi unaua kwa bahati mbaya. Si kweli. Mgodi unaua kwa njia chache, nazo zinajulikana tangu zamani. Nitazitaja moja moja.

La kwanza ni paa. Ukitoa jiwe au makaa chini, mzigo wote wa juu hutafuta mahali pa kukaa. Katika mgodi wa makaa huachwa nguzo za makaa yenyewe, na mahali pengine husimamishwa boriti. Wachimbaji wa Tanzania huziita matimba. Nguzo ile iliyoachwa ni mali, na tajiri mwenye tamaa huitazama kwa uchungu. Huanza kuipunguza kidogo kidogo. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo uliokuwa juu yake. Zikapasuka moja baada ya moja, na watu 435 wakafunikwa. Miili yao iko chini mpaka leo. Iliandikwa baadaye kwamba wako waliokimbilia njia ya kutokea waliposikia ardhi ikinguruma, wakaamriwa kurudi kazini. Likumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Mchimbaji mzoefu hulijaribu paa kabla ya kuanza kazi. Hugonga kwa chuma na kusikiliza. Likilia kwa sauti kali ya jiwe zima, ni afadhali. Likilia kama ngoma, limekwisha kuachana na mwenzake wa juu. Liangushwe kwa ufito mrefu au liwekewe boriti, na mtu asipite chini yake. Kazi hiyo haihitaji mtambo kutoka Ulaya, ila muda kidogo, na ruhusa ya kuutumia muda huo bila kukatwa mshahara.

La pili ni hewa. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu hewa mbaya haionekani. Makaa ya mawe hutoa gesi iitwayo methani. Ikifika kama sehemu 5 mpaka 15 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kulipua mgodi. Ndiyo sababu mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa ya usalama, ambayo mwali wake umefunikwa kwa wavu wa chuma. Ziko gesi nyingine. Shimoni mahali palipoachwa muda mrefu hewa ya kupumua hupungua, na mtu huanguka kama aliyepigwa usingizi. Halafu kuna gesi ya moshi, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hutoka katika moto, na hutoka pia katika injini ya petroli.

Ndugu zangu, sikieni hili hata kama mtasahau mengine yote. Katika mashimo madogo watu huingiza pampu ya petroli chini ili kutoa maji. Injini ile inaua. Injini ikae juu, mpira ndio ushuke chini. Na mwenzako akianguka chini na hujui kwa nini, usimfuate. Mara nyingi hufa mmoja, kisha ndugu yake akimfuata, kisha rafiki akiwafuata wote wawili. Kwanza peleka hewa safi chini, mfunge anayeshuka kamba kiunoni, na watu wa kumvuta wawe juu. Kumpenda ndugu yako si kufa juu yake.

La tatu ni maji. Mwaka 1998 mvua kubwa iliingia katika mashimo ya tanzanaiti kule Mererani, na wanaapolo zaidi ya mia moja wakafa. Mwaka 2008, mwezi wa Machi, mvua ikaingia tena pale pale, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mahali ni pale pale, na mvua ni ile ile. Mashimo mengi yalikuwa yameungana chini kwa chini, hata maji yaliyoingia kwa jirani yakawafikia wengine. Basi kanuni ya maji ni hii: mdomo wa shimo uinuliwe na uzungukwe kwa mtaro, wakati wa mvua kubwa watu watoke, na iwepo ramani, hata ya kuchorwa kwa mkono, ya kuonyesha shimo limekwenda wapi na mashimo ya zamani yako wapi. Shimo la zamani lililojaa maji ni kama tangi nyuma ya ukuta. Anayelitoboa hapati nafasi ya kujuta.

La nne ni vumbi na moto. Vumbi la makaa likiruka hewani huwaka kama baruti. Mwaka 1906 kule Courrières, Ufaransa, mlipuko ulikimbia ndani ya njia za mgodi na kuua watu 1,099. Karibu na kwetu, tarehe 6 Juni 1972, mgodi wa Wankie katika nchi iitwayo leo Zimbabwe ulilipuka, na watu 427 wakafa. Dawa yake yajulikana: kunyunyiza maji, kufagia, kumwaga unga wa mawe ya chokaa ili vumbi lisiwake, kuzuia sigara na taa za wazi, na kupima gesi kabla ya watu kuingia. Tena vumbi hilo hilo lisipowaka, huingia mapafuni. Huyo halipuki, hukohoa miaka kumi, hukonda, na watu wa kwao husema amerogwa.

La tano ni kamba, kapi na ngazi. Sina haja ya kulieleza sana hapa Gikomba, maana mafundi wanafahamu kuliko mimi. Kamba iliyoliwa na maji, winchi isiyo na breki, ngazi ya misumari mitatu: hivyo huangusha mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja haandikwi magazetini.

MILANGO MIWILI

Nataka nikae kidogo juu ya jambo moja, kwa sababu laonyesha jinsi sheria inavyozaliwa.

Mwezi Januari mwaka 1862, huko Hartley, kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na mgodi wa makaa wenye shimo moja tu la kushukia. Hewa, pampu, makaa na watu vyote vilipita hapo. Boriti kubwa ya chuma ya injini ya pampu ilivunjika, ikaanguka ndani ya shimo na kuliziba. Watu wazima na watoto 204 walikufa. Walio wengi hawakupigwa na jiwe wala maji; walikosa njia ya kutoka, na hewa ikawaishia. Mwaka ule ule sheria ikatolewa Uingereza kwamba mgodi wa makaa lazima uwe na njia mbili za kutokea.

Watu walikuwa wamelisema jambo hilo kabla. Matajiri walijibu kwamba shimo la pili ni gharama. Gharama ikakubaliwa baada ya majeneza 204.

Sasa tutazame kwetu. Oktoba mwaka 2015, katika mkoa wa Shinyanga, Tanzania, shimo liliwafunika wachimbaji sita wa dhahabu. Mmoja akafa kule chini. Watano walitolewa hai siku ya 41, tarehe 15 Novemba, baada ya kula mizizi na wadudu na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Dunia ikasema ni muujiza, na mimi pia namshukuru Mungu. Lakini mfanyakazi hapaswi kutegemea muujiza pale ambapo mlango wa pili ungetosha.

SHERIA YASEMAJE

Watu wengi hudhani shimo dogo halina sheria. Wasema sheria ni ya makampuni makubwa yenye geti na askari. Hilo si kweli hata kidogo.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ni ya mwaka 2007. Iliondoa ile ya zamani ya viwanda iliyoanza mwaka 1951, nayo yahusu kila mahali ambapo mtu hufanya kazi. Mahali pa kazi pawe pameandikishwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kila mwaka pakaguliwe na mtu aliyekubaliwa kisheria. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama wa eneo hilo aarifiwe ndani ya saa 24, na barua ifuate ndani ya siku saba. Mfanyakazi akiona hatari amwambie msimamizi wake. Na hatari kubwa ikiwa bado ipo, tajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale. Tena sheria hiyo yamkataza tajiri kumfukuza au kumtesa mtu kwa sababu tu alilalamika juu ya usalama. Mkumbukeni yule wa Coalbrook aliyeamriwa kurudi. Hapa kwetu amri ya namna hiyo ni kosa.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na watu wao ndani yake. Hapa shimo dogo lina ujanja. Lina watu kumi na wawili, basi kamati hailazimishwi. Lakini someni mbele kidogo: Mkurugenzi aweza kuagiza kamati iundwe hata mahali pengine. Nani atamwandikia barua? Sisi hapa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini nayo ni ya mwaka 2007. Aliyekufa, au aliyelemaa kabisa, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane. Kesi juu ya sheria hiyo ilifika mpaka Mahakama ya Juu, na mwezi wa Desemba mwaka 2019 mahakama ikaithibitisha. Madai yasikae zaidi ya miezi 12. Sheria ya Ajira ya mwaka ule ule yakataza kumwajiri mtoto katika mashimo ya chini ya ardhi, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo: anaweza kupata kibali chake kwa halali, na wachimbaji wanaweza kuungana katika ushirika.

Hata katika mataifa jambo hili limesemwa. Shirika la Kazi la Kimataifa kule Geneva lilipitisha mwaka 1995 mkataba namba 176 juu ya usalama migodini. Ndani yake yamo haki za mchimbaji: kujua hatari, kuomba ukaguzi, kuchagua mjumbe wake wa usalama, na kutoka mahali penye hatari. Zambia na Zimbabwe, nchi zenye migodi, wameukubali mkataba huo.

KWA NINI HAIFUATWI

Basi, kama sheria zipo, mbona watu wanaendelea kufa? Hapa tuseme kweli, tusiwalaumu matajiri peke yao na kurudi nyumbani tumeridhika.

Sababu ya kwanza ni njaa. Januari mwaka 2024 katika mkoa wa Simiyu, Tanzania, watu 22 walifukiwa na udongo wakafa. Wakuu wa pale walisema kwamba afisa wa madini alikuwa amekwisha kufika na kuzuia kazi, kwa kuwa mahali hapajawa salama na mvua ilikuwa nyingi. Wale vijana wakaingia hata hivyo. Je, walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa wameona mawe yenye dhahabu, na nyumbani wamewaacha watu wasio na chakula. Kulifunga shimo si kuifunga njaa. Inspekta akija na kusema “Funga” tu, watu watarudi usiku, tena usiku ni hatari zaidi. Lakini inspekta akisema, “Wekeni boriti hapa, chimbeni mtaro pale, toeni mlango wa pili, nami nitarudi Jumatatu kufungua,” watu watafanya kazi hiyo, kwa maana wanauona mwisho wake.

Sababu ya pili ni ujanja wa malipo. Yuko kijana wa jirani zetu hapa aliyekwenda kuchimba dhahabu huko magharibi. Kamba ilikatika, akavunjika mguu na nyonga. Mama yake alipokwenda kwa mwenye shimo, aliambiwa, “Mimi simjui kama mfanyakazi. Huyu alikuwa mshirika wangu, tuligawana magunia.” Hakuna jina daftarini, hakuna karatasi ya malipo, na wenzake waliokuwapo wametawanyika. Leo kijana huyo anakaa mlangoni akiuza sigara moja moja. Mnaona mchezo huo. Siku ya faida mwenye shimo ni tajiri, huamuru nani ashuke na saa ngapi. Siku ya ajali wote ni washirika. Mtu anayekupangia saa, anayekupa nyundo, na anayeweza kukufukuza kesho, huyo ni tajiri yako hata akikulipa kwa mawe. Lakini lazima uwe na ushahidi wa kulisimamisha neno hilo mbele ya afisa wa kazi.

Sababu ya tatu: mwenye shimo mwenyewe mara nyingine ni maskini. Huenda ni shemeji yako, amekopa pesa za kukodi pampu, naye anashuka pamoja na watu wake. Huyo ukimwambia anunue kipimo cha gesi na feni atacheka. Hapa jawabu si kumsamehe sheria, maana jiwe halimsamehe. Jawabu ni ushirika. Mashimo kumi yakiungana yaweza kuwa na feni moja, kipimo kimoja, kamba nzuri za akiba, na mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza. Shimo moja peke yake haliwezi.

Na ya nne, ndugu zangu, ni sisi wenyewe. Tunamsifu anayeshuka bila kofia, tunamwita dume. Anayekataa kushuka tunamwita mwoga. Kwetu kwenye reli, mtu anayeondoa reli bila bendera haitwi dume. Huitwa mwuaji.

TUFANYE NINI

Nimeandika mambo saba. Nimeyaandika kwa ufupi ili karani wetu ayapige chapa kwenye karatasi moja, na kila kijana anayepanda basi kwenda mashimoni apewe.

1. Usishuke mpaka jina lako limeandikwa daftarini. Kama hakuna daftari, nunueni moja. Andikeni kila siku nani ameshuka na nani ametoka. Jioni majina yalingane.

2. Tuma nyumbani siku ile ile jina la mahali, jina la mwenye shimo, na namna unavyolipwa. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni ushahidi.

3. Asubuhi, kabla ya zamu, wawili wenye uzoefu washuke kwanza. Wagonge paa, watazame boriti na maji, na wapime hewa kwa kipimo. Pasipo kipimo cha gesi shimo la makaa lisiingiwe. Wao ndio bendera yetu nyekundu. Wakisema hapana, ni hapana mpaka kasoro iondolewe.

4. Shimo lenye njia moja tu ya kutokea lisipelekwe mbali. Kazi ya kwanza iwe kutoboa njia ya pili.

5. Injini isishuke. Sigara na mshumaa visishuke katika makaa. Mtoto asishuke.

6. Ajali ikitokea, hata ndogo, iandikwe na ipelekwe kwa afisa wa usalama. Msikubali kuzika mtu na ushahidi pamoja. Anayepewa pesa kidogo za mazishi ili anyamaze ajue kwamba anauza miezi 96 ya mjane.

7. Chagueni mjumbe wenu wa usalama, hata kama mko watu sita. Msimwache aseme peke yake. Akifukuzwa kwa sababu amesema, wote mjue hilo ni kosa la tajiri, nalo laweza kushitakiwa.

Na sisi tulio hapa mjini tuna kazi yetu. Naomba tawi lifikirie mambo mawili. Kwanza, tuwe na kitabu hapa ofisini cha majina ya ndugu za wanachama walioko mashimoni, ili msiba ukija tusiwe tunaulizana alikuwa wapi. Pili, Katibu aandike kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kuomba maafisa wafike katika mashimo madogo wakiwa na mafundisho pamoja na makufuli. Na kama siku moja makaa ya Mui yatachimbwa, tuombe tangu mwanzo kwamba wachimbaji wawe na chama, kamati, na vipimo vya gesi kabla ya gunia la kwanza kutoka. Wakamba wana haki ya kuuliza hayo kabla ya kuambiwa ni maendeleo.

Wako watakaosema: hayo ni ya wachimbaji, sisi tushughulikie mishahara yetu. Nawakumbusha kwamba mtaa huu umekwisha kuonyesha njia. Mwezi Mei mwaka 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, wafanyakazi wa mji huu waligoma siku nyingi, na hawakuwa wote wa kiwanda kimoja. Walikuwa watu wa reli, wa manispaa, wa mahoteli, wa maduka. Mtu wa hoteli hakusema, “Hilo ni la reli.” Nasi tusiseme, “Hilo ni la mashimo.” Kijana anayeshuka leo Migori alilala jana katika chumba chetu hapa, na akilemaa atarudishwa katika chumba hicho hicho.

Bwana Mwenyekiti, hapo nakomea. Naona ukumbini wamo watu waliowahi kushuka. Ningependa nao waseme walivyoona, maana mimi nimeleta maneno ya juu ya ardhi. Karatasi ya mambo saba iko mezani kwa karani. Anayetaka kuandikisha jina la ndugu yake aliye shimoni aanze leo, asingoje mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.